Nyoka Anaowaogopa Magdalena

Kilombero, 14 Januari 1973

Dada Anyesi,

Shikamoo. Nilifika salama tarehe tano, ila mkungu wa ndizi ulionifungia uliiva wote njiani, na abiria wa kiti cha nyuma wakaula bila hata kuniuliza. Nilibaki na kikonyo. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mkumbushe ile dawa niliyomletea ni ya kuchua, asiendelee kuinusa. Na kikohozi cha Avelina kimekwisha?

Sasa nikueleze jambo kubwa. Nilipofika hapa nilikuta nimepandishwa kuwa msimamizi wa pampu za mfereji wa kaskazini, na pamoja na cheo hicho nimepewa nyumba. Si chumba tena, dada, ni nyumba: vyumba viwili, jiko la nje, na bomba la maji hatua kumi kutoka mlangoni. Siku ya kwanza nilizunguka humo ndani nikisikia viatu vyangu mwenyewe.

Nataka Magdalena aje na mtoto. Miaka mitano ya ndoa tumekaa pamoja Krismasi tano, na Avelina ananiamkia kwa woga kama mgeni wa parokiani. Najua mke wa Uru hukaa kihambani, kwenye migomba ya ukoo, akamsaidia mkwewe, na najua kazi ya nyumba hiyo. Nitatuma chochote kitakachohitajika ili apatikane mtu wa kukata majani ya ng'ombe. Lakini sitaki kumwita kwa amri. Msomee barua hii taratibu, umuulize anasemaje, uniandikie maneno yake.

Mdogo wako,
Faustin


Uru, 11 Februari 1973

Mdogo wangu Faustin,

Marahaba. Hongera kwa nyumba na kwa cheo. Mama amefurahi, ila ameuliza kama msimamizi wa pampu huruhusiwa kukaa chini. Magoti yake ni yale yale. Anakwenda mpaka zizini kwa fimbo, na kurudi anamshika Magdalena bega. Ng'ombe amezaa ndama jike. Avelina amepona kikohozi na sasa anajifanya mwalimu, anawapanga kuku mstari mmoja na kuwauliza hesabu. Shuleni nina watoto sitini darasa moja, na jioni balozi wa nyumba kumi amenipa na darasa la kisomo cha watu wazima. Sikuombwa, nilitangaziwa mkutanoni.

Kuhusu uliloniuliza, nimeongea na Magdalena. Amefurahi kwa ajili yako. Ila anaogopa nyoka. Amesikia kwa watu kuwa mashamba ya miwa yamejaa nyoka, wanaingia mpaka chini ya vitanda, na yeye ana mtoto anayechezea chini. Huku juu kuna baridi, nyoka tunawasikia tu. Nimejaribu kumweleza lakini unamjua mkeo, akinyamaza amenyamaza.

Usimharakishe. Mwache mwaka huu upite kwanza.

Dada yako,
Anyesi


Kilombero, 4 Machi 1973

Dada Anyesi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara nne. Msalimie Mama, mwambie msimamizi anakaa chini saa nne asubuhi, dakika kumi na tano. Mpongeze mwalimu wa kuku.

Sitakudanganya, Magdalena hajakosea. Nyoka wapo. Wiki iliyopita jirani yangu Aminieli aliua mmoja kwenye tangi la maji, na wakati wa kuchoma miwa wanakimbilia majumbani pamoja na panya. Kwa hiyo woga wake nauheshimu. Nikakaa nikafikiri kama fundi: kama kuna tatizo, kuna kifaa chake.

Dada, nitumie Karani.

Nakumbuka siku ulipomleta. Mlishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, mkamkuta mtoto wa nguchiro pembeni ya njia, mdogo wa kuingia mfukoni. Sasa ni mkubwa, anajua watu, na panya hawajaonekana nyumbani tangu awepo. Nguchiro na nyoka wanajuana. Magdalena akisikia kuwa Karani ndiye mlinzi wa nyumba, atakuwa na neno gani tena? Binamu yetu Sirili analeta lori la yule mzee wa Pasua hadi Morogoro mwanzoni mwa Aprili. Mweke kwenye sanduku lenye matundu, mimi nitampokea.

Faustin


Uru, 1 Aprili 1973

Faustin,

Marahaba. Karani yuko ndani ya sanduku lililobeba barua hii, na amekwishamuuma Sirili mara mbili, kwa hiyo mshukuru vizuri. Mama amelia kidogo. Anasema alizoea kumwona akizunguka asubuhi, kila pembe, kila chungu, kama karani wa ghala anayehakikisha hakuna kilichopungua. Mvua za masika zimeanza, njia ya kanisani ni utelezi mtupu. Magdalena ameanza kisomo. Anakaa mbele, hatoi sauti, anachanganya herufi lakini hakosi hata siku moja.

Kuhusu Karani, fuata haya. Mfungie kizimba cha waya, nje ya nyumba, miezi miwili kamili, la sivyo atatoroka. Mpe nyama tu, usimpe mayai. Asiingie ndani wala asizoeane na watu, maana akizoea kubembelezwa hataua nyoka. Kitu chochote chenye harufu ya nyumbani usimpe, atakumbuka huku na kuugua.

Na Magdalena hajasema lolote jipya. Usitegemee sana mnyama.

Anyesi


Kilombero, 6 Mei 1973

Dada,

Shikamoo. Natumaini masika hayajamwangusha mtu. Sirili alifika na kidole kimefungwa kitambaa, akaniambia kazi ya kubeba abiria wa aina hii hataki tena.

Naandika habari za Karani kama ninavyoandika za pampu, ili uone mwenyewe. Wiki ya kwanza: kizimba nilikiweka chini ya mwembe wa Aminieli. Hakula siku tatu. Alikwenda upande mmoja wa waya na kurudi, upande mmoja na kurudi, mpaka udongo ukafanya mfereji. Nikasema ni joto. Wiki ya pili nilitandaza gunia la maji juu ya kizimba. Akala vipande viwili vya nyama, akaviacha vingine. Wiki ya tatu nilihamisha kizimba nyuma ya nyumba ya pampu kwenye kivuli. Kule kelele za mashine zilimfanya atetemeke, akajibanza kwenye kona moja haondoki. Sasa ameanza kujiuma mkia. Una jeraha la ukubwa wa shilingi.

Nilimsogezea mkono. Zamani angepanda hadi begani. Safari hii alinikoromea.

Nyumbani sikumbuki kumwona kizimbani, lakini wewe ndiye uliyemlea, kwa hiyo nafuata ulivyosema. Nifanye nini? Na Magdalena anasemaje? Barua mbili sasa, hujaniandikia sentensi moja iliyotoka mdomoni mwake.

Faustin


Uru, 10 Juni 1973

Faustin,

Marahaba. Mama hajambo. Baridi imeshuka mpaka bondeni, tunalala na ndama karibu na moto. Kahawa za mapema zimeanza kuwa nyekundu. Samahani kwa kuchelewa, ni mitihani.

Endelea na kizimba. Ila nikwambie ninavyoona: yule si mnyama wa huko. Kila kiumbe na mahali pake. Mpe Sirili amrudishe, akikataa mpe mwingine. Si aibu. Na hiyo nyumba, si lazima ijae watu mwaka huu huu.

Magdalena anasalimu. Ana kazi nyingi.

Anyesi


Kilombero, 8 Julai 1973

Dada Anyesi,

Shikamoo. Salamu kwa Mama, kwa Avelina, kwa ndama. Mimi mzima, nimeongezewa pampu moja na hakuna lingine.

Uniwie radhi, sikukutii. Siku niliyopata barua yako nilimtazama Karani akiwa kwenye kona yake, manyoya yamemtoka mkiani, nikaona kuwa nikimrudisha atafika amekufa. Nikaona pia kuwa wewe unasema si mnyama wa huku, wakati ulimwokota tambarare penye joto kama hili. Basi joto si ugonjwa wake. Nikakifungua kizimba jikoni, nikafunga mlango, nikakaa juu ya ndoo.

Alijificha nyuma ya kuni siku nzima. Siku ya pili nilirudi kazini nikamkosa kabisa. Nikatafuta chini ya kitanda, kwenye sufuria, nikasema ametoroka kama dada alivyosema. Kumbe yumo ndani ya mkono wa koti langu, lile nililokuja nalo Krismasi, ambalo lilikuwa limetundikwa zizini kwetu wiki tatu na sijalifua. Alikuwa amelala fofofo. Harufu ya ng'ombe, dada. Nikalitandaza koti chini, na jioni hiyo alikula nyama yote na kudai nyingine.

Tangu hapo ni mtu mwingine. Asubuhi anakagua nyumba yote, anajisugua makalio kwenye miguu ya meza kuonyesha kuwa ni yake, kisha anakwenda nami hadi kwenye bomba. Aliiba mayai sita ya mke wa Aminieli. Alisimama akaupa ukuta mgongo na kuyarusha nyuma, moja baada ya jingine, akayala yote. Nimeyalipa. Mkia unaota manyoya. Nilichojifunza ni kuwa hajali sana mahali. Anajali awe huru, awe na kitu kimoja anachokijua, na awe na mtu wa kumfuata. Vitu vitatu, na vyote nilikuwa nimemnyima.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita aliua nyoka mdogo wa kijivu kwenye kuni. Juzi mkubwa alipita uani, Karani akamsimamia manyoya yote juu, akapiga kelele mpaka tukaja na fimbo. Wanawake wa mstari mzima wananiomba niwaazime Karani. Sasa hakuna nyumba huku iliyo salama na nyoka kuliko yangu.

Kwa hiyo sababu imekwisha. Kama Magdalena bado hataki, basi nimeanza kufikiri kuwa si nyoka. Ni mimi. Labda miaka mitano ya kuonana Krismasi imemfanya anizoee nikiwa mbali, na hapendi kunizoea nikiwa karibu. Hilo linaniumiza, dada, nalisema wazi.

Umesema anasoma kisomo. Nimemwandikia barua yake mwenyewe, fupi, kwa herufi kubwa kubwa, nimeitia bahasha yake yenye jina lake. Akishindwa usimsaidie upesi. Nataka aisome yeye.

Faustin


Kilombero, 2 Septemba 1973

Dada,

Shikamoo. Wiki nane hakuna neno. Kuna mgonjwa? Kama ni Mama, piga simu ya upepo, usinifiche. Karani mzima, amenenepa.

Kama ni Magdalena amekataa, andika tu kuwa amekataa. Nitavumilia. Kutojua ndiko kunakonishinda.

Faustin


Uru, 16 Septemba 1973

Faustin ndugu yangu,

Marahaba. Mama hajambo, Avelina hajambo, hakuna mgonjwa wala aliyekufa. Kahawa tumechuma mara mbili, ni nzuri. Hizo ndizo salamu. Naandika yaliyobaki nikiwa nimekaa mezani tangu misa ya kwanza, na karatasi nne nimezichana.

Magdalena hajawahi kusema anaogopa nyoka. Mimi ndiye niliyesema.

Barua yako ya Januari nilimsomea habari za ndizi na abiria, akacheka, nikamsomea habari za magoti ya Mama. Nilipofika kwenye nyumba nikaikunja karatasi, nikasema imekwisha. Aliniuliza, "Hajasema lini atatuita?" Nikamjibu hujasema. Kila barua yako aliniuliza hivyo hivyo, na kila mara nilimjibu hivyo hivyo. Wewe nilikudanganya, na yeye nikamdanganya, na Mama hahusiki, hajui lolote.

Nilidhani nyoka wangetosha. Sikujua utaniomba Karani; nyumbani nikasema unamtaka kwa ajili ya panya. Nilikwambia umfunge nikijua hawezi kufungwa. Kwetu hajalala kizimbani hata siku moja, alikuwa analala kwenye gunia kuukuu pembeni ya ng'ombe. Gunia hilo nililificha makusudi lisiingie kwenye sanduku. Nilitaka ashindwe, ili uniandikie kuwa huko hapakaliki. Uliponiandikia habari za mkia wake sikula chakula siku hiyo, lakini bado nikakujibu uendelee na kizimba.

Unaweza kuniuliza kwa nini. Nina miaka thelathini na sita. Sina mume, sina mtoto. Nyumbani kuna Mama, ambaye usiku huniita mimi na mchana humwita Magdalena, na kuna ng'ombe, na kahawa. Lakini hayo ni maneno ya kujitetea. Majani mtu mwingine anaweza kukata, na ulishasema utatuma cha kumlipa. Ukweli ni Avelina. Nikirudi shuleni ananipokea njiani, anabeba mkoba wangu hata kama unamzidi, ananiita shangazi kwa sauti ambayo majirani wote wanaisikia. Sikutaka kurudi nyumbani nisikute mtu njiani. Ndilo jambo lote. Nililiona kubwa, nikaona lako na la mkeo dogo.

Barua yako ya herufi kubwa katekista alimpa Magdalena mkononi baada ya misa, Jumapili ya kwanza ya Agosti, mbele yangu. Niliujua mwandiko. Nikasubiri aniletee nimsomee, kama siku zote. Hakuniletea. Aliitia kifuani. Wiki sita alikuwa nayo, akienda kukata majani anakwenda nayo, akikamua anaiweka juu ya kigoda. Darasani alikuwa ananiuliza herufi hii na hii, na mimi nilijua zinatoka wapi, nikamfundisha. Ndiyo sababu sikukuandikia. Kila siku nilisema leo atamaliza.

Jana alimaliza. Nilikuwa namenya ndizi za mtori. Akaja akasimama mlangoni, hakuwa na hasira usoni, akaniambia, "Wifi, Faustin anasema nisiogope nyoka. Nani alimwambia naogopa?"

Nikaweka kisu chini. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia.

Anaondoka Jumatano na Avelina kwa basi la alfajiri, linafika Morogoro jioni. Watalala kwa masista, kisha wapande gari la kuja kwenu Alhamisi. Kesho nitakupigia simu ya upepo uwapokee kituoni. Amefunga gunia la Karani pamoja na nguo za mtoto. Mke wa jirani yetu Urbanus amekubali kukata majani, tumekwisha kubaliana. Mama nitakaa naye, ni mama yangu pia.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Krismasi utakuja, tutaongea.

Anyesi

Nyongeza, 17 Septemba. Barua hii anakuletea Magdalena. Sikutaka abebe tena karatasi isiyojulikana ina nini, kwa hiyo jana jioni niliiweka mezani kabla ya kuifunga, nikamwambia aisome. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, tangu marahaba. Mtori ulipoa. Alipofika kwenye neno "nilikudanganya" alikwama. Akalijaribu mara mbili, kisha akanigeuzia karatasi akaniuliza, "Wifi, hili linasemaje?" Nikaweka kidole changu juu ya neno, nikamsomea kipande kwa kipande kama darasani. Akalirudia peke yake mpaka likatoka lote, kisha akaendelea na mstari unaofuata.